Tuonyesheni Miguu

Mavis Pilling hakuwa mtu wa kugombana. Miaka thelathini na moja alishona sapatu katika kiwanda kimoja cha bonde la Rossendale, kaskazini mwa Uingereza, na katika miaka yote hiyo alipaza sauti mara moja tu, siku msimamizi alipotaka kuzima redio ya karakana wakati walzi, ile dansi ya mizunguko ya hatua tatu, inapigwa. Redio haikuzimwa. Msimamizi ndiye aliyehamishwa, akapelekwa chumba cha gundi, na mpaka leo hajulikani aliyemsemea. Kwa hiyo mwaka ule televisheni ilipoondoa kipindi cha dansi ya ukumbini, wakubwa wake wangefanya vyema kumtafuta yule msimamizi wa zamani wakamuuliza. Angewaambia: mpeni mama huyu anachotaka, tena mapema, mlale usingizi.

Alikuwa mrefu, mabega mapana, viganja vya mtu aliyezoea kupinda ngozi ngumu. Urefu huo ndio uliomwamulia maisha. Mwaka 1946, akiwa na miaka kumi na minane, alikwenda dansi ya Jumamosi akakuta wasichana wamejaa ukutani na wavulana ni wa kuhesabu. Wengine walikuwa wamemezwa na vita, na waliorudi waliona heri kuegemea kaunta ya bia kuliko kushika kiuno cha mtu. Basi desturi ikawa moja: wasichana hucheza wao kwa wao, na aliye mrefu ndiye huongoza. Mavis akapewa upande wa kiume pasipo kuulizwa. Akapewa na mwenza wa kuongozwa naye, Nellie Sharrock wa chumba cha kufungasha, mfupi, mwepesi, mdomo kama wembe.

“We mnara, usinikanyage,” Nellie alimwambia kabla hata hawajashikana mikono. “Viatu hivi ni vya dada yangu, na hajui kama nimevaa.”

Hakumkanyaga siku hiyo, wala hakumkanyaga kwa miaka arobaini na tisa iliyofuata. Mavis aliolewa na Harold, mtu mwema asiyejua kucheza, aliyekaa pembeni kila Jumamosi na mikoba miwili ya wanawake mapajani, akiwatazama kwa fahari mpaka kifo kilipomchukua. Nellie hakuolewa. Akiulizwa, husema hakuwahi kuona mwanamume anayejua kugeuka kwenye kona.

Walipostaafu walihamia Blackpool wote wawili, mji wa bahari waliokuwa wakiuendea kila mwaka viwanda vya bonde vikifungwa kwa wiki ya mapumziko. Wakachukua nyumba mtaa mmoja, milango mitatu katikati. Jumatano na Jumamosi, tangu saa nane mchana, ungewakuta katika ukumbi wa Marlborough, ule ulio juu ya duka la mazulia, wenye sakafu ya mbao inayonesa chini ya mguu. Kinanda kikianza, watu wazima wale husitasita, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Mavis hakuweza kungoja. Sakafu tupu ilimuuma rohoni, kama sufuria tupu inavyomuuma mama mwenye wageni. Alimshika Nellie mkono, wakaenda kwenye kona iliyo chini ya saa ya ukutani, na hapo ndipo dansi ilipoanzia kila siku.

Kisha nyonga za Nellie zikagoma. Moja kwanza, ya pili baadaye, na kupasuliwa hakukusaidia kitu. Tangu mwaka 1995 akawa mtu wa kiti, dirishani, blanketi magotini. Marlborough hakukanyaga tena, kwa kuwa ngazi zake ni ishirini na nane, na watu walipojitolea kumbeba aliwafukuza. “Nipandishwe kama kabati? Halafu mnitue pembeni nitazame wengine wakicheza mahali pangu? Nendeni zenu.”

Muuguzi aliyekuja kumwangalia mara mbili kwa wiki, Colette, alimpa mazoezi. Inua vidole, shusha, zungusha kifundo, mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni, maana damu ikikaa miguuni bila kutembea huganda, na ikishaganda hupanda kifuani ikaua. Nellie akamwambia yeye si mtoto mchanga wa kuchezewa vidole. Lakini Jumatatu moja Colette alichelewa, akafika saa moja na nusu jioni wakati kipindi cha dansi kinaonyeshwa, akaona blanketi linatikisika. Akalifunua kidogo. Miguu ya Nellie ilikuwa inakwenda chini ya kiti, mbele, pembeni, funga, mbele, pembeni, funga, na mwenyewe hana habari, macho kwenye televisheni, anagombana na nyuso zinazotabasamu humo.

“Meno! Meno! Kila saa wanatuonyesha meno! Nani anacheza kwa meno? Tuonyesheni miguu, wapuuzi nyie!”

“Basi dawa ndiyo hii,” Colette akasema. “Mimi mazoezi yangu nayaweka mfukoni.”

Dawa hiyo ilidumu miaka miwili. Halafu siku moja, bila hodi, Jumatatu ikaja na kipindi cha watu wanaopaka rangi vyumba vya majirani zao, na Jumatatu iliyofuata ni wao tena. Dansi imeondolewa. Sababu haikutolewa.

Mavis alijaribu kila njia. Alikuwa na mkanda wa video wa mashindano ya zamani, akauweka. Nellie akatazama mara mbili, ya tatu akafumba macho. “Yule wa gauni la kijani atateleza kwenye kona. Hapo. Ameteleza. Nichezee kitu gani sasa, na mwisho naujua?” Akaweka santuri. Nellie akasema muziki usio na mtu wa kutazama ni kelele za jirani. Na blanketi likakaa kimya.

Kila jioni Mavis alivuka milango ile mitatu, akapiga magoti kwa shida, akaipaka ile miguu mafuta ya kafuri na kuisugua. Ilikuwa ya baridi kama samaki wa barafu. Mwezi wa tatu tangu dansi iondolewe, Colette alimwita kando, kwenye ujia, akavuta mlango.

“Bi Pilling, sitaki kukutisha. Mguu wa kushoto umeanza kuwa bluu. Asipoutumia, mimi sitashangaa siku nikija na kukuta mlango haufunguliwi.”

Mavis alikwenda kwake, akaweka maji ya chai, hakuinywa. Alikuwa anaogopa, na hakuwa mtu wa kuogopa. Akachukua kalamu.

Barua ya kwanza ilikuwa fupi. “Mabwana, kuna mtu anayehitaji dansi ya Jumatatu kwa ajili ya miguu yake. Naomba muirudishe. Na mkiirudisha, onyesheni miguu.” Baada ya wiki tano akajibiwa kwa karatasi nzuri yenye nembo: walikuwa wamefurahi sana kupokea maoni yake kuhusu kipindi cha bustani. Aliibandika jikoni, juu ya sinki, ili kila akiosha vyombo hasira isimpoe.

Tangu hapo kila Jumanne aliandika barua. Zilipofika arobaini na moja, na majibu manne, matatu kati yake kuhusu bustani, aliona kalamu peke yake haitoshi. Akatafuta ubao, akaubana karatasi, akaanza kukusanya sahihi. Alisimama saluni, watu wakiwa wamenaswa chini ya vikausha nywele bila pa kukimbilia. Alisimama mlangoni mwa kanisa, la kwake na la wengine. Zaidi ya yote alisimama Ijumaa kwenye foleni ya duka la samaki na chipsi, maana mwenye njaa haondoki kwenye foleni.

“Mama, mimi ni mtu wa mpira,” fundi bomba mmoja mwenye shingo nene alimwambia.

“Na mkeo?”

“Mke wangu naye ni wa mpira.”

“Mara ya mwisho ulimshika kiuno lini?”

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Fundi akawa mwekundu mpaka masikioni. “Lete hiyo kalamu,” akasema.

“Ndiyo hivyo, mwanangu. Sahihi kwanza, siki ya chipsi baadaye.”

Miezi kumi na minne ilipita hivyo. Kuna waliomcheka. Katika basi aliitwa Mama Sahihi, na kuna mzee wa Marlborough aliyemwambia usoni kwamba anapigania maji yaliyokwisha mwagika. Mavis akamjibu kwamba yaliyomwagika huchotwa upya, bomba si lipo? Nami nasema wazi, wako watu waliosimamishiwa sanamu uwanjani ambao hawakuwa na nusu ya ukaidi wake. Mwenye sanamu alitaka jina. Huyu alitaka mguu mmoja usiwe bluu.

Sahihi zilipopita elfu sita alizipanga katika kile kikapu chake cha sokoni chenye magurudumu, akavaa koti la kanisani na viatu vya dansi, akapanda treni ya asubuhi kwenda Manchester. Kwenye jengo la televisheni palikuwa na meza ndefu ya mapokezi, na nyuma yake mlinzi mmoja pandikizi la mtu.

“Una miadi, mama?”

“Sina. Nina sandwichi.”

Akakaa. Alikaa tangu saa nne asubuhi, kikapu miguuni, akiwasalimia wote waliopita kama vile mlango ni wake. Saa nane mchana mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi, aliyekuwa amekwishapita mara mbili na kikombe cha kahawa, alisimama mbele yake. Jina lake Gillian Moss, na ndiye aliyekuwa akiongoza kipindi cha habari nyepesi za mkoa, kile cha alasiri.

“Samahani, mama, unamsubiri nani?”

“Yeyote anayeweza kurudisha dansi.”

Gillian akacheka, lakini si kwa dharau. “Hiyo ni ngumu. Wakubwa wanasema dansi ni mambo ya kizee. Watu siku hizi wanataka kitu chenye kasi.”

“Umewahi kucheza, binti yangu?”

“Disko.”

“Huko ni kurukaruka. Weka kikombe chini.”

Sijui kwa nini Gillian alikiweka. Labda ni ile sauti, iliyookoa redio. Mavis alimshika mkono wa kulia, akamweka kiganja mgongoni, akamnyoosha. “Mguu wa kulia, nyuma. Usitazame chini, miguu yako haijapotea. Moja, mbili, tatu.” Wakazunguka ukumbi wa mapokezi, juu ya mawe yanayoteleza, bila muziki. Mzunguko wa kwanza Gillian aliomba radhi kila hatua. Wa pili akasahau kuomba. Wa tatu akafumba macho, na yule mlinzi pandikizi akawa amesimama mlangoni akiwazuia watu wa kuingia: “Ngojeni kidogo, wanapita.”

Alipoachiwa, alikuwa anahema. “Mbona nilijua pa kwenda?”

“Hukujua. Niliyejua ni mimi. Wewe umeniamini tu, na kumwamini mtu ndiko kugumu zaidi.”

Gillian akakitazama kikapu cha sahihi, akazitazama soli za viatu vya Mavis zilivyolika. “Dakika tano,” akasema. “Moja kwa moja kutoka ukumbini kwenu. Jumatano ijayo, saa tisa na nusu. Simu zikilia, nitakuwa na la kuwaambia wakubwa. Zisipolia, tuachane kwa amani.”

Jioni ile Mavis alipiga magoti kwenye zulia la Nellie, chupa ya mafuta mkononi, akamweleza yote huku anasugua. Nellie alisikiliza akitazama dirishani.

“Jumatano saa ngapi?”

“Saa tisa na nusu.”

Nellie akamgeukia. “Saa tisa na nusu,” akarudia. “Na nani atacheza?”

“Wote. Watu sitini.”

“Na wewe?”

“Mimi nasimamia.”

“Unasimamia nini, mlango? Tangu nikae kitako hujacheza hata na ufagio.”

“Sina mwenza.”

“Shoga, si umesema wako sitini?”

“Sina mwenza, Nellie.”

Nellie alisubiri mguu wa pili uishe kusuguliwa, akavuta blanketi. “Basi waambie waonyeshe miguu,” akasema.

Jumatano ile Marlborough ilipendeza kuliko harusi. Wanawake walitoa magauni yaliyolala kwenye maboksi miaka mingi, yaliyoshonewa puleki zinazometameta, moja moja kwa mkono, na wawili watatu waliingia ndani yake kwa kusaidiwa na pini. Nywele zote za mji zilikuwa zimetengenezwa. Bwana Clegg wa kinanda alivaa tai ya kipepeo na kupaka nta masharubu. Wapiga picha waliweka kamera mbili, moja huku na moja kule, na Gillian akavaa vipokea sauti vyake masikioni. Saa tisa na dakika ishirini watu walikuwa sakafuni wakizunguka kwa mpangilio mzuri kabisa, na Mavis amesimama katikati ya ukumbi na ubao wake, akiona kwa mara ya kwanza kwa miezi kumi na minne kwamba jambo linakwenda.

Sasa, Marlborough chai ni saa tisa na nusu. Bi Ivy Tattersall, mwenye birika, alikuwa na miaka ishirini na sita akiigonga ile kengele yake ya shaba saa tisa na nusu kamili, na kengele ikigongwa kinanda hukatika hata katikati ya mpigo, na kila mtu huenda mezani kwake. Hakuna aliyeiita sheria, kama vile hakuna anayeiita sheria kupumua. Wote sitini walijua kamera zinaanza saa tisa na nusu. Wote sitini walijua chai ni saa tisa na nusu. Mle ukumbini hakuna hata mmoja, Mavis akiwemo, aliyeyaweka mambo hayo mawili kwenye sahani moja.

Kengele ikalia. Kinanda kikakatika. Miguu mia na ishirini ikawabeba wenyewe mpaka mezani, magauni ya puleki yakakaa, na sauti ya vikombe ikaenea ukumbini.

“Bi Ivy!” Mavis alipiga ukelele. “Televisheni! Ni sasa hivi!”

“Na chai ni sasa hivi,” Bi Ivy akajibu, birika mkononi, tayari amefika meza ya nne. “Ikishamiminwa imemiminwa.”

“Bwana Clegg, tafadhali, rudi kwenye kinanda!”

“Mavis, mpenzi, biskuti imeshalowa,” Bwana Clegg akasema kwa huzuni ya kweli, na ikamkatikia ndani ya kikombe.

Gillian alikuja mbio, uso umemwisha damu. “Sekunde ishirini! Wako wapi?”

“Wanakunywa chai.”

“Wanakunywa nini?”

Wengine wawili watatu walianza kuinuka, wakatazamana, wakakaa tena, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mavis aliitazama ile sakafu. Tupu, pana, inang'aa, na taa nyekundu ya kamera inakaribia kuwaka, na kule mtaani, milango mitatu kutoka kwake, kuna kiti dirishani na miguu miwili ya baridi inayongoja. Ilimchoma. Akaweka ubao sakafuni. Akaenda kwenye kona iliyo chini ya saa ya ukutani. Akainua mkono wa kushoto, akaupinda wa kulia mbele ya kifua, chini kidogo kuliko unavyopindwa kwa mwanamke wa kimo cha kawaida, akamwinamia asiyekuwepo, na taa ikawaka.

Alicheza walzi peke yake, upande wa kiume, bila muziki. Kilichosikika ni soli zake, na vijiko, na mahali fulani mzee mmoja akitafuna. Sketi yake ilikuwa ya kahawia, ya kusimamia mlango. Hakutabasamu hata mara moja. Mpiga picha wa kwanza alizoea kuwafuata wacheza dansi usoni, na kwenye uso ule hapakuwa na meno wala mbwembwe, bali mama mtu mzima aliyekaza macho juu kidogo ya kichwa cha mtu mfupi. Hakujua la kufanya. Akashusha kamera polepole mpaka chini, ikakuta viatu, na hapo akaiacha.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili vijiko vilikoma. Katika wa tatu, alipokaribia dirisha la upande wa bahari, machozi yalimjaa asione vizuri, akaikata kona, akairuka hatua nzima, akajikusanya, akaendelea. Dakika tano zilipokwisha alisimama pale pale alipoanzia, chini ya saa, akainama kama inavyopasa mtu kumwinamia mwenza wake. Hakuna aliyepiga makofi. Bi Ivy alikuwa bado anamimina, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita alikuwa anamimina kwenye sahani.

“Bi Pilling,” Gillian akaanza, lakini Mavis alikwishachukua koti.

Niseme mapema, msije mkakaa roho juu. Simu zililia. Mtu wa kwanza aliuliza kama yule mama ni mgonjwa, wa pili akauliza amefiwa na nani, na baada ya hapo mamia kwa mamia waliuliza dansi nyingine ni lini. Walipofika watu elfu moja waliacha kuhesabu. Msimu wa majani kupukutika, mkoa ukapewa nusu saa ya dansi kila Jumatatu, na Gillian akamwita Mavis aje kuwafundisha wapiga picha mahali pa kutazama. Gazeti la mji liliandika ukurasa mzima, ingawa kichwa cha habari, kwa jinsi mji ule ulivyo, kilihusu chai: kwamba Marlborough itaisogeza kwa robo saa siku za kamera, jambo ambalo halijatokea tangu ukumbi ujengwe, na kwamba Bi Ivy amekubali kwa shingo upande.

Lakini Jumatano ile Mavis hakuyajua hayo. Alitembea mpaka mtaani kwao kwa viatu vya dansi, koti halikufungwa, anaona haya mpaka anaongea peke yake. Akafungua mlango wa Nellie kwa ufunguo aliokuwa nao siku zote. Televisheni ilikuwa inaendelea, mtu anaeleza mvua ya kesho.

“Nimeharibu,” akasema kabla hajavua koti. “Miezi kumi na minne, sahihi elfu sita, na wao wakaenda kunywa chai! Saa tisa na nusu, Nellie! Nilikuwa na akili gani mimi?”

“Nilijua,” Nellie akasema.

“Ulijua nini?”

“Uliponiambia saa, nikajua hapo hapo kwamba Ivy atagonga kengele yake.”

Mavis akamkodolea macho. “Ukanyamaza?”

“Ningesema, ungepanga upya. Wangecheza wote sitini na wewe ungesimama mlangoni na ubao.” Nellie alivuta pumzi. “Nakujua. Sakafu tupu huiwezi.”

“Na kipindi je? Kama kisiporudi?”

“Kisirudi! Unadhani miaka yote ile nilikuwa napiga kelele nione miguu ya nani? Ya wale wenye meno?” Akageuza uso dirishani, lakini Mavis aliona kidevu chake kinavyotetemeka. “Halafu mzunguko wa tatu umeikata kona. Vibaya sana.”

“Sikuwa naona.”

“Nami ilinibidi nikusubiri.”

“Unisubiri vipi?”

“Kwani ulidhani umemshika nani mle, hewa?”

Hapo ndipo Mavis alipotazama chini. Blanketi lilikuwa limeanguka sakafuni, zulia limekunjamana mbele ya kiti, na sapatu moja ya Nellie ilikuwa imeruka mpaka chini ya televisheni, upande wa pili wa chumba. Akaenda akaiokota. Akapiga magoti kwa shida, kama kila jioni, akashika mguu wa kushoto ili amvishe.

Ulikuwa na joto.